Lushoto au Amani? Kupiga kambi Usambara na watoto wadogo

Gari dogo linataka Lushoto, mtoto mdogo anataka Amani. Ugumu wote uko hapo. Kila Juni shule zikikaribia kufungwa, wifi yangu hunipigia simu na swali lile lile: "Wifi, safari hii tupande wapi?" Nami simjibu mpaka anitajie mambo mawili, wanakwenda na gari gani na kitinda mimba wake ana umri gani. Yaliyobaki, uzuri wa milima na mandhari na picha, hayana mshindi. Kote kuzuri.

Sisi wa Tanga mjini tuna bahati ambayo wengi hatuitumii. Milima ya Usambara imekatwa vipande viwili na bonde la Mto Lwengera, na vipande vyote viwili viko ndani ya mkoa wetu. Cha magharibi ndicho cha Lushoto, Soni na Mtae. Cha mashariki ndicho cha Amani, juu ya Muheza. Watu hutoka Ulaya kuja kuona misitu hii, na mimi nina majirani waliozaliwa Ngamiani ambao hawajawahi kufika hata Sigi, langoni mwa Amani. Mwaka wa kwanza tulipokuwa tunapakia hema, magodoro na sufuria kwenye gari, jirani mmoja alikuja kuuliza kwa sauti ya msiba kama tumefukuzwa na mwenye nyumba.

Tumekwenda Lushoto mara tatu na Amani mara mbili, na watoto watatu. Safari ya kwanza kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu, kifungua mimba tisa. Ninayoyaandika ni ya familia kama hiyo. Kama watoto wako wamekwisha kuwa vijana, nenda popote, hata Mtae, wala hunihitaji.

Njia ya kwenda

Kwenda Lushoto ni kama kilomita 160, lami tangu mlangoni kwako. Unapita Muheza, Segera, Korogwe, kisha Mombo, ndipo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Soni. Mpaka Mombo hakuna neno: mashamba ya mkonge, malori, trafiki. Mkubwa wangu nilimpa kazi ya kuitafuta reli ya zamani na kumtajia baba yake kila ikionekana. Nilimwambia kuwa Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema, "Mama, sisi tutafika leo leo?" Tulifika, ila ile sehemu ya mwisho ilitutoa jasho.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, na ndizo za kuogopa. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili genge, na kona hazina idadi. Dereva mzoefu haoni tabu. Anayeona tabu ni mtoto aliyeketi nyuma, asiyeona mbele, anayetazama ukuta wa mawe ukimpita dirishani kushoto, kulia, kushoto. Sisi tulifanya kosa la kusimama Mombo na kumpa kitinda mimba mtindi wa baridi kwa sababu alikuwa analia joto. Kona ya tano au ya sita akanyamaza. Mtoto aliyekuwa anaimba akinyamaza ghafla kwenye kona, simamisha gari. Sikulijua hilo. Mtindi wote ukarudi juu ya blanketi tulilokuwa tumelikunja katikati ya viti, blanketi ambalo usiku ule ndilo lilikuwa la kutuokoa. Lilinuka mpaka Septemba.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Mombo ni maji na biskuti kavu. Mdogo hukaa kiti cha katikati, anatazama kioo cha mbele. Tunasimama Soni, watoto wanashuka kuangalia maporomoko, wanapigwa na upepo wa baridi usoni, ndipo tunamalizia. Njia ile ile, gari lile lile, hajatapika tena.

Kwenda Amani ni kinyume chake kabisa. Ni karibu zaidi kuliko nusu ya safari ya Lushoto. Kama kilomita 40 za lami hadi Muheza, halafu unaingia barabara ya vumbi, kama kilomita 25 hadi geti la Sigi, na kutoka Sigi kupanda Amani yenyewe ni kama 10 nyingine. Hakuna mtoto aliyewahi kututapikia njia hiyo, maana gari haliendi kasi ya kumtapisha mtu. Unapita michungwa, minazi, watu wanaanika iliki na pilipili manga, halafu ghafla msitu unafunga juu ya barabara na watoto wanashusha sauti wenyewe bila kuambiwa.

Ila ile barabara ni udongo mwekundu. Ukiwa mkavu, hata gari la chini litafika Sigi kwa subira. Mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa kwenye maji. Mara ya pili tulipanda kutoka Sigi asubuhi baada ya mvua ya usiku, na Noah yetu ikaanza kurudi nyuma yenyewe, taratibu, magurudumu yakizunguka mbele. Nilishuka na watoto, tukasimama kwenye nyasi tukimtazama baba yao akigeuka rangi. Vijana wanne wakatoka kusikojulikana, wakakata majani, wakayatandaza, wakasukuma. Walikubali elfu kumi na mkungu wa ndizi tulioununua Muheza. Ndiyo maana nasema gari dogo linataka Lushoto. Kule barabara ina kona, lakini ni lami mpaka mwisho, masika na kiangazi.

Usiku

Hapa usidanganywe na picha. Safari ya kambi na watoto wadogo huamuliwa usiku. Mchana mtoto atafurahi popote penye majani na jiwe la kurusha.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba, saa tisa usiku, kipimajoto kinaweza kushuka karibu na nyuzi 10. Kwa mtu wa Arusha hilo si jambo la kusimulia. Kwa mtoto aliyezaliwa Tanga, anayelala na feni na shuka la kanga mwaka mzima, ni mshangao mkubwa. Wangu aliamka, akatoa pumzi, akaona moshi unatoka kinywani mwake, akalia akidhani anaungua ndani.

Baridi yenyewe haitoki juu, inatoka chini. Sisi tulibeba mablanketi mengi ya kujifunika na godoro jembamba la sponji, tukajifunika vizuri na bado tukaganda migongo, kwa sababu sponji ikilaliwa inakuwa bapa kama chapati. Mwaka uliofuata tulitandika hivi: turubai chini kabisa, juu yake mkeka, juu ya mkeka maboksi yaliyokunjuliwa tuliyoyaomba dukani, kisha magodoro, kisha blanketi moja la kulalia, na mengine ya kujifunika. Maboksi ndiyo yaliyofanya kazi. Watoto katikati, wakubwa pembeni. Soksi mbili mbili na kofia za sufu, ambazo kwenye mitumba utazipata kwa bei ya andazi kwa sababu Tanga nani anazitaka. Na kabla ya kulala nilijaza maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kwenye chupa mbili za lita moja, nikazifunga kifuniko mpaka mwisho, nikaziviringisha kwa kanga na kuziweka miguuni mwao. Wakalala mpaka saa kumi na mbili.

Kama mtoto wako ana pumu, au masikio yanamsumbua kila akipata mafua, usimpeleke kwenye hema Lushoto mwezi wa sita, wa saba au wa nane. Mpeleke Desemba au Januari, au lala kwenye nyumba. Na ukilala kwenye nyumba, uliza mwenyewe kwa mdomo wako kama maji ya moto yapo leo. Kuna mahali, sitapataja, tuliambiwa kwenye simu yapo saa ishirini na nne. Tulipofika tukaonyeshwa bomba lililoandikwa moto. Maandishi yalikuwepo kweli.

Amani baridi si ya namna hiyo. Juu kwenyewe ni kama mita 900, na Sigi, ambako mimi napendekeza ukae na watoto wadogo, ni kama 450 tu. Usiku shuka na blanketi moja jepesi vinatosha. Adui wa huko ni unyevu. Milima ya mashariki inaikabili bahari na hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na haina mwezi unaoweza kuapa kuwa ni mkavu. Nguo ulizoanika jioni asubuhi zina maji zaidi. Hema lazima liwe na turubai la pili juu, lisigusane na la ndani, na usithubutu kulipiga kwenye bonde eti kwa sababu ni tambarare. Sigi pia ni chini kiasi cha kuwa na mbu wa kutosha, kwa hiyo zipu ya hema ifungwe saa kumi na mbili jioni, na kama wavu wa hema umetoboka, chandarua ndani yake.

Halafu kuna sauti na kuna siafu. Sauti ni za pelele, mnyama mdogo wa ukubwa wa sungura aliyenona, anayelia mtini usiku kama mlango wa jahazi unaokwama, akimalizia kwa kelele za mtu anayekabwa. Waambie watoto kabla giza halijaingia. Nisingewaambia, tungerudi Tanga usiku ule ule.

Siafu walikuja mara ya kwanza tu. Mkubwa alitoka kukojoa na tochi, akarudi anacheza ngoma ambayo hatukumfundisha. Msururu mweusi ulikuwa unapita hatua mbili kutoka kwenye kamba za hema, mnene kama mkono wa mtoto. Mzee mmoja wa pale alituambia tusiwamwagie maji wala tusiwakanyage, watatawanyika na hapo ndipo watakapoingia. Alileta majivu kwenye ndoo, akayamwaga mstari mpana kuzunguka hema, akatuambia tukae ndani tutulie. Asubuhi hawakuwepo hata mmoja. Sasa majivu tunayabeba kutoka nyumbani kwenye mfuko.

Mchana

Lushoto ni ya kutazama, Amani ni ya kushika. Tofauti hii haikunijia kichwani mpaka nilipokwenda kote na watoto wale wale.

Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ni pazuri kuliko ninavyoweza kusema. Ardhi inakatika, na chini yako karibu mita 1,000 kuna tambarare ya Mombo na Mazinde, mabasi yanaonekana kama punje za mchele. Mimi na baba watoto tungekaa pale mpaka jua lizame. Kitinda mimba alitazama kwa dakika moja, akaomba jiwe arushe. Ukingo ule si mahali pa mtoto wa miaka mitatu. Nilimfunga kanga kiunoni nikaishika mwisho wake kama kamba ya mbuzi, watu wakacheka, nikawaacha wacheke. Kilichomfurahisha yeye kilikuwa shamba la Irente, ng'ombe, mkate wenye ngano nzito na jibini na jamu ya pale pale. Kupiga kambi huko kunawezekana, na kwa familia ni pazuri kuliko kujitafutia uwanja mwenyewe. Soko la Lushoto nalo usiliache, hasa Desemba plamu zinapoanza. Msitu wa Magamba una mbega na njia nzuri, lakini ni mwendo wa watoto wenye miguu mirefu. Wa kwangu wa miaka mitano alitembea nusu saa, nusu iliyobaki alitembea mgongoni mwa baba yake.

Amani hakuna pa kusimama ukasema hapa ndipo. Kila kitu kiko karibu na ni kidogo, nao watoto ni wadogo, kwa hiyo wanakutana nacho usoni. Pale Sigi kuna jengo la stesheni ya zamani, mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na siku hizi ni kituo cha maelezo cha hifadhi. Kuna mto wenye mawe ya kukalia na maji yanayokwenda taratibu wakati wa kiangazi. Mto huo ni Zigi, ambao maji yake ndiyo tunayokunywa Tanga mjini. Nilipowaambia watoto hivyo, wa kati alijizuia kukojoa mtoni, jambo ambalo maneno yangu mengine yote yalikuwa yameshindwa. Ukiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, watoe haraka. Maana yake juu kumenyesha.

Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani mwaka 1902, wakajaza miti kutoka kila upande wa dunia, na mingi bado imesimama. Muongozaji alikuwa anakata jani, anamwambia mtoto alifikiche, anuse, ataje. Mdalasini walilipata. Mkafuri wakasema "dawa ya kabati". Iliki ilituangusha wote. Mimi ni mwanamke wa Kitanga, naweka iliki kwenye chai, kwenye mandazi na kwenye wali wa nazi, na nilikuwa naamini kabisa kuwa inaning'inia juu kama pilipili. Yule bwana akainama, akafunua majani chini kabisa, na kule mizizini, zikitambaa juu ya udongo, ndizo punje za kijani. Kitinda mimba alilala kifudifudi kuzitazama. Nami karibu nilale.

Na usiku, kabla ya pelele kuanza, chukua muongozaji na tochi. Kinyonga mchana humwoni hata ukimkanyaga. Usiku akilala anapauka, na ukimmulika anang'aa juu ya tawi kama karatasi. Tuliona mmoja mwenye pembe puani, halafu muongozaji akatuonyesha kitu nilichodhani ni jani kavu, kirefu kama kidole changu cha mwisho. Jani likafungua jicho. Wale watoto ambao huwa nawapigia kelele kuzima runinga, walikaa wamechuchumaa kimya robo saa, wanapokezana tochi. Ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, lililochukuliwa kutoka milima hii mwaka 1892 na sasa limo kwenye vyungu duniani kote, tulilionyeshwa pia, limeshika mwamba kwenye kivuli. Watoto walilitazama kwa heshima, wakaomba kurudi kwa kinyonga.

Chakula na fedha

Haya mafupi. Lushoto usibebe chakula zaidi ya mafuta na chumvi, viazi, karoti, kabichi na mayai vyote viko sokoni, na ukichoka kupika hoteli zipo. Amani nunua kila kitu Muheza, pamoja na mafuta ya gari na maji ya kunywa ya mtoto, maana madukani juu utapata sabuni, sukari, biskuti na mazungumzo. Mtungi mdogo wa gesi ubebe kote kote. Amani ni hifadhi, ilitangazwa mwaka 1997, na kuni hukusanyi. Kiingilio na ada ya kambi hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Kwa jumla Amani ilitutoka nafuu, kwa sababu ya mafuta ya gari na kwa sababu hakuna cha kununua. Hospitali, kwa Lushoto ipo mjini pale pale, kwa Amani ya uhakika ni Teule, Muheza, na saa moja unusu ya vumbi usiku si mchezo na mtoto mwenye homa. Simu nayo Amani hukamata hapa ikapotea pale.

Ninavyochagua

Kitinda mimba chini ya miaka minne, kiangazi: Sigi, siku mbili, na Amani juu mpande mchana mkishuka jioni. Hata kwa gari la chini, mradi haijanyesha. Watoto wote wamevuka miaka mitano na hawasumbuliwi na kifua: Lushoto, Desemba au Januari, siku tatu, maana siku moja ya kwenda na moja ya kurudi zinaliwa na barabara. Masika usitoke na hema popote, Machi mpaka Mei kaa nyumbani. Na usijaribu kuunganisha Lushoto na Amani kwenye wikiendi moja eti kwa kuwa zote ni Usambara. Kwenye ramani zinagusana, kwa gari unashuka mpaka barabara kuu na kuanza upya.

Wifi yangu kitinda mimba wake ana miezi kumi na minane, na gari lake ni IST. Nimemwambia Sigi, mwisho wa Juni, usiku mmoja tu kwa kuanzia. Akifika Muheza aulize stendi kama juu kumenyesha siku mbili zilizopita. Wakimwambia ndiyo, ageuze, awapeleke watoto Mapango ya Amboni, wale chapati zao nje ya pango, warudi kulala kwao. Hema litasubiri. Majivu nimeshamfungia.